Kiondo Chenye Sweta Yangu

Unga, sukari, majani chai na mkate. Hivyo ndivyo vitu alivyobeba Kanyi siku ya kwanza alipokuja kwetu Mukuyuni kuonwa na baba yangu. Navikumbuka vizuri kwa sababu ndivyo vitu pekee vya siku ile nilivyovielewa.

Nilikuwa jikoni. Kwetu msichana hatoki kumlaki mwanamume aliyekuja kwa ajili yake. Hukaa jikoni akijifanya ana kazi, na masikio yake yako sebuleni. Mimi nilikuwa nachambua mbaazi ambazo nilikuwa nimeshazichambua.

Nikamsikia Aunti Kalondu mlangoni. Aunti ni mdogo wa marehemu mama yangu. Tangu tulipomzika mama, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, yeye ndiye huja kuwa mama wa nyumba hii kila penye shughuli.

"Karibu, karibu. Umekuja peke yako?"

"Ndio, Mama. Leo nimekuja kusalimia tu."

"Peke yako kama mtu wa kusoma mita? Kwenu hakuna wajomba?"

"Wako, Mama. Wao watakuja na mbuzi Jumamosi ijayo, mkituruhusu."

"Ehe! Hata hajakaa, ameshataja mbuzi. Na hiyo sweta, husikii joto?"

"Asubuhi Sultan Hamud kulikuwa na baridi."

"Hiyo rangi yake naona mtu akiwa Emali anaiona."

Nilicheka peke yangu. Niliijua sweta hiyo, rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi. Alikuwa ameivaa pia siku ya kwanza tulipoonana mjini Salama, na mimi nilimtambua kwa sweta kabla sijamtambua kwa uso.

Kwa sababu kabla ya uso nilikuwa nimezijua rangi zake.

Mama alikuwa msukaji wa viondo, nami nilifundishwa naye. Alipofariki aliacha kiondo kimoja nusu, kitako chake na vidole vinne vya ukuta, nyuzi zikining'inia pande zote kama nywele za mtu aliyeamka. Mimi niliacha kusuka siku hiyo. Miezi saba sikushika uzi. Kila nikikishika kile kiondo cha nusu sikujua rangi gani ingefuata, na aliyejua hakuwepo.

Halafu siku moja, nikiwa nimelala mchana na simu mkononi, nikaona picha. Milima ilikuwa imekunjwa kama leso kabatini, ya zambarau na ya kijani isiyokuwa kijani. Mbuzi wa buluu walikuwa wakilisha juu ya mawingu. Katikati palikuwa na mwanamke mkubwa kuliko milima, amegeuza uso wake kando, anamimina asubuhi kutoka kwenye kiondo. Asubuhi yenyewe ilikuwa inamwagika kama uji wa mtama. Sijui niliitazama kwa muda gani. Nilipoinuka, chai niliyokuwa nimeiweka mezani ilikuwa imeota ngozi.

Mchoraji aliitwa Kanyi. Aliandika kwamba huchora kwa kalamu ya tableti, nyuma ya duka la wazazi wake. Wazazi wake ni Wakikuyu waliohamia Sultan Hamud zamani na kuanza kuuza nafaka. Nilitazama picha zake zote. Wanawake wote walikuwa wametazama kando.

Wiki iliyofuata nilichemsha rangi. Nilitia nyuzi za makonge kwenye sufuria ya zambarau, nyingine ya waridi kali, nyingine ya ile kijani isiyokuwa kijani. Nikasuka kiondo ambacho milima yake ilikuwa inapinduka. Wanawake wa kikundi chetu walikipitisha mkono kwa mkono wakicheka.

"Kasiva, hiki kimekunywa nini?" mmoja akauliza.

Aunti Kalondu peke yake hakucheka. Alikigeuza, akasema, "Hizi ni rangi za dada yangu."

"Hapana, Aunti. Ni mtindo wa mchoraji fulani. Nimeutoa kwa simu."

"Labda simu imeutoa kwa dada yangu," akasema, nami nikaona kwamba huzuni imemchanganya.

Nilimwandikia Kanyi kumshukuru. Akajibu. Nikamtumia picha ya kiondo changu, akaniambia hajawahi kuona mchoro wake ukishikika. Tukaanza kuzungumza kila siku, halafu tukaonana Salama, halafu tena, halafu nikaacha kuhesabu. Alikuwa mtu wa kukutazama muda mrefu kisha kuomba radhi kwa kukutazama. Mama yake, Nyawira, alitaka aoe mtu wa kwao. Baba yangu alitaka nisiolewe na mtu wa dukani. Katikati ya wazee hao wawili ndipo tulipofika Jumamosi ile.

Aunti akaingia jikoni na kiondo cha mgeni, kimefunikwa kitambaa.

"Kijana ana adabu," akaninong'oneza. "Hakuja na mfuko wa karatasi."

Sasa ni lazima niseme jambo hili wazi, maana kila kitu kilitokana nalo. Kwetu, mgeni akija na kiondo, kiondo hicho huingia jikoni, kinamwagwa, na wakati wa kuondoka hurudishwa. Hakirudi kitupu. Unatia mbaazi, au mayai, au hata kipande cha sabuni. Na kwa mtu aliyekuja kuomba binti, jinsi kiondo kinavyorudi ndilo jibu. Kikirudi na kitu, alete mbuzi wa ntheo, wale wa kuthibitisha uchumba. Kikirudi kitupu, asisumbue wajomba zake.

Aunti akatoa mkate. Akatoa sukari, akatoa majani chai. Alipoinua pakiti ya unga akasimama hivyo hivyo, pakiti ikiwa hewani.

"Kasiva," akasema. "Njoo uone."

Ndani ya kiondo, karibu na kitako, palikuwa na mzunguko mmoja wa uzi wa sufu, rangi ya damu ya mzee. Juu yake mzunguko mwembamba wa kijivu. Halafu damu ya mzee tena.

Ilikuwa sweta yangu ya shule.

Nilipomaliza kidato cha nne, mama aliifumua sweta ile jioni hiyo hiyo. Baba alikaa mbele yake kwenye kigoda, amenyoosha mikono miwili kama mtu anayepimwa shati, mama akimzungushia uzi mikononi. "Usishushe mikono, Mutiso," alikuwa akimwambia. "Nimeshachoka, Syombua." "Mtoto amesoma miaka minne, wewe huwezi kusimamisha mikono nusu saa?" Uzi huo aliusuka kwenye viondo viwili. Kimoja ndicho kile cha nusu. Kingine alikiuza.

Aunti alikuwa ameweka unga chini na kukaa juu ya debe. "Nilikuambia," akasema polepole. "Nilikuambia ni rangi za dada yangu."

Nikakitazama kiondo chote sasa. Zambarau. Waridi. Ile kijani isiyokuwa kijani. Milima iliyokunjwa. Vyote vilikuwa hapo, vimetulia, vidogo, katika mkono wa mama. Nilikuwa nimejifunza kwa mtu wa mbali kitu kilichotoka kwenye kigoda chetu.

Sikukumbuka kwamba mimi ndiye niliyepaswa kukaa jikoni. Nilikichukua nikaingia nacho sebuleni.

Baba alikuwa ameshika tableti ya Kanyi mbali na uso wake, kama mtu anayesoma barua ya serikali.

"Huyu mbuzi ni wa zambarau," alikuwa akisema. "Huyu ni mgonjwa."

"Ni ndoto tu, Mzee."

"Ntheo ni mbuzi watatu. Wako watakuwa wa rangi gani?"

"Watakuwa wa kawaida, Mzee."

"Kanyi," nikasema. "Hiki umekitoa wapi?"

Akainuka. Nikaona usoni mwake kwamba alikuwa analingoja swali hilo, na kwamba alitamani lingekuja baada ya chai.

"Nilikinunua sokoni Sultan Hamud. Miaka miwili na kitu."

"Kwa nani?"

Akamtazama baba, akanitazama mimi. "Kwa mama yako."

Baba aliweka tableti juu ya meza. Akanyoosha mkono, nami nikampa kiondo. Vidole vyake vikaingia ndani vikatafuta, vikatambaa ukutani hadi kitakoni, vikaupata uzi wa sufu bila yeye kutazama. Vikabaki hapo.

"Ulijua?" nikamuuliza Kanyi. "Siku tunaonana Salama, ulijua?"

"Siku hiyo sikujua."

"Ulijua lini?"

"Uliponitumia picha ya kile kiondo cha nusu. Niliona hiyo mistari."

"Hiyo ni miezi minne!"

"Najua."

"Miezi minne nakushukuru. Nakuambia umenifufua, umenifundisha rangi. Na wewe umenyamaza unashukuriwa!"

"Kasiva, punguza sauti," Aunti akasema kutoka mlangoni, lakini hakuwa anamaanisha.

"Nilitaka kukuambia," Kanyi akasema. "Kila siku nilianza. Halafu nikaona, nikimwambia, hataniona tena mimi. Ataniona kama mtu aliyebeba kitu cha mama yake. Nilitaka unipende kidogo kwanza."

"Kidogo?"

"Kiasi cha kunivumilia leo."

Baba akakohoa. "Huyo mwanamke wa picha," akasema, "anayetazama kando. Ni yeye?"

"Ni yeye, Mzee. Nilimwona mara moja tu. Uso wake sikuukumbuka vizuri, na kuubuni niliona ni makosa. Kwa hiyo nikamgeuza."

"Alikuwa anafanya nini siku hiyo?"

"Alikuwa anasuka akiuza. Nilimuuliza jina la kila rangi. Nilikuwa nachora kwa rangi mbili tatu wakati huo, picha za matangazo ya maduka. Nilipoona kiondo chake nilisimama. Nikauliza hii inaitwaje, na hii je. Aliniambia zote. Nyingine alizibuni papo hapo, nadhani. Hii kijani aliiita rangi ya mbaazi iliyosahaulika."

Aunti alitoa sauti, sijui ilikuwa kicheko au kilio.

Na mimi nikakumbuka. Nikamkumbuka mama akirudi jioni hiyo, anavua viatu mlangoni, anatuambia: leo nimekutana na kijana ana wazimu kidogo, ameniuliza jina la kila uzi kama anayetaka kuziandikisha shule. Tulicheka. Baba alicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Nilikuwa nimemcheka Kanyi muda mrefu kabla ya kumjua.

"Alikataa kukiuza kwanza," Kanyi akaendelea. "Alisema, hiki kina sweta ya msichana wangu, amemaliza shule. Nikamwambia sitakitia viazi. Akanipa. Nilirudi mara nyingi kumtafuta sokoni, nikaambiwa mara anaumwa, halafu nikaambiwa vile nilivyoambiwa."

Nje kuku walikuwa wakigombana.

"Basi leo umekileta," baba akasema mwisho.

"Nilifikiri ni vizuri kirudi nyumbani kwa mikono yangu mwenyewe."

"Kimerudi na unga ndani," baba akasema. "Umekileta kama kiondo cha mgeni. Ungekileta kitupu, ukasema, Mzee, hii ni zawadi, ningekipokea na maneno yakaisha. Lakini umetia sukari. Sasa ni kiondo chako na ni lazima nikurudishie. Nikikurudishia na kitu, nimekubali mbuzi, na mimi sijakubali mtu anayechora mbuzi wagonjwa. Nikikirudisha kitupu, nimemtoa mke wangu mara ya pili nje ya mlango huu. Unaona ulivyotufanya?"

"Sikujua hiyo desturi, Mzee. Nilifikiri ni aibu kuja mikono mitupu."

"Ni aibu," Aunti akasema. "Hapo hujakosea."

"Basi baki nacho, Mzee. Nisirudishiwe."

Baba akamgeukia Aunti. "Mgeni akiondoka bila kiondo chake, ni ndiyo au ni hapana?"

Aunti akafikiri sana. "Sijawahi kuona," akasema.

Nilitoka nje. Kanyi akanifuata hadi kwenye tangi la maji. Jua lilikuwa limeshapanda, akavua ile sweta na kuitundika kwenye bomba. Tulisimama tukitazama chini kama watu waliopoteza sindano.

"Umekasirika," akasema.

"Sijui kama hii ni hasira."

"Ni nini?"

"Nilipoona picha zako nilisema, huyu mtu ananijua. Nilikupenda kabla hujasema neno. Sasa naona nilikuwa nampenda mama. Au nilikuwa nampenda mama na wewe pia. Au wewe peke yako na nikafikiri ni rangi. Unaweza kuniambia ni ipi?"

"Siwezi."

"Na wewe? Ulinipenda mimi, au ulimtafuta yule mama wa sokoni ukanipata mimi?"

Akainyoosha sweta pale kwenye bomba. Ningependa angejibu haraka, nami ningemwamini. "Siku ya Salama," akasema, "hata sikujua una mama. Uliniuliza kwa nini mbuzi wangu hawana vivuli. Watu wengi huniuliza tu kwa nini ni wa buluu. Nilirudi nyumbani nikaanza kuwachorea vivuli. Mpaka leo nawachorea. Hicho ndicho ninachojua. Mengine nimechanganyikiwa kama wewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufundisha vivuli."

"Wewe."

"Na mama rangi."

"Ndiyo."

"Na mimi nilijifunza kwako."

"Ndivyo ulivyosema mwenyewe."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikawa sijui ninafanya lipi. Alinyoosha mkono, akaurudisha kwa sababu Aunti alikuwa dirishani. Mkono ulirudi mfukoni mwake polepole, nami niliutazama njia yote.

"Niambie rangi inayofuata," nikamwambia. "Kile kiondo cha nusu. Wewe ulimsikia akizitaja zote. Ingekuwa gani?"

"Usiniulize mimi, Kasiva. Mimi nilikuwa nauliza tu."

Alimuaga baba kwa mikono miwili. Baba alikuwa bado amekaa na kiondo magotini, akaitikia bila kuinuka. Hakusema mbuzi waje. Hakusema wasije. Aunti alimsindikiza hadi langoni akiwa na fadhaa, anashika hiki anaacha kile, maana katika maisha yake hakuwahi kumtoa mgeni bila kitu mkononi. Mwisho akamtilia karanga mfukoni mwa shati, mfuko wa kushoto, akarudi akisema karanga si jibu, karanga ni karanga tu.

Nilipokwenda tangini kuchota maji, sweta ilikuwa bado imetundikwa kwenye bomba.

Nikaitazama njia. Alikuwa ameshapinda. Sikujua kama ameisahau au ameiacha, na mpaka leo, tukibishana, hataki kuniambia.

Niliingia nayo sebuleni. Nikaenda chumbani nikakitoa kile kiondo cha nusu kutoka juu ya kabati, nikapangusa vumbi. Nikarudi sebuleni nikakaa sakafuni miguu imenyooka, kama alivyokuwa akikaa mama. Nikaigeuza sweta ndani nje, nikatafuta pale chini kwenye upindo, mahali mfumaji alipofungia kazi. Fundo lilikuwa dogo na gumu. Nililing'ata.

"Hiyo si sweta ya watu?" baba akauliza.

"Ni yake."

"Atarudi kuitafuta."

"Atarudi."

"Na atapata nini?"

Nilivuta, na safu ya kwanza ikafumuka kwa ile sauti nyepesi niliyokuwa nimeisahau. Uzi wa chungwa ukaanguka mapajani mwangu, umejikunjakunja, hautaki kunyooka. Nikavuta tena. Safu ya pili. Ulikuwa unazidi, unajifunga wenyewe kwa wenyewe, na mimi nilikuwa na mikono miwili tu.

Nikasikia kiti kikisogea. Baba aliweka kiondo cha mama juu ya meza, taratibu, kama kimejaa mayai. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akanyoosha mikono yake miwili mbele.

"Zungusha," akasema. "Na usichelewe. Mikono hii imezeeka."